Deni la Amplifaya

Kiingilio shilingi elfu kumi,
viti vya plastiki, ukumbi wa shule, Chumbageni,
na juu ya mlango kitambaa kilichoandikwa kwa mkono:
USIKU WA WATOTO NJITI.
Herufi ya mwisho imebanwa pembeni, nafasi ilikwisha.

Sikuja kwa ajili ya gitaa peke yake, nisidanganye.
Nilikuja na deni
la mwaka wa themanini na moja, sabuni ikiwa kwa foleni,
Akida Semkiwa alipoingia kibandani kwangu,
Barabara ya Kumi na Mbili,
amplifaya begani kama mgonjwa wa kupelekwa Bombo.
Ilikuwa ikiguna.
Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikalehemu mahali pawili,
nikamwambia: "Ikianza tena, ipige teke,
kona ya chini, kushoto, si kwa hasira.
Mia mbili na arobaini."
Akasema, "Jumamosi, fundi."

Jumamosi ngapi hizo? Nilizihesabu mpaka nikachoka,
kisha nikawa nazisikiliza tu:
gitaa lake redioni, likipita juu ya mabati ya Ngamiani,
nami nimeinamia redio za watu, moshi wa risasi puani,
nawaambia wateja: huyu namdai.
Sikilizeni. Huyu, namdai mimi.
Nilijivunia deni lile
kama wengine wanavyojivunia undugu.

Sasa anapanda jukwaani.
Amekuwa mfupi. Koti ni la yule aliyekuwa yeye.
Kidole cha pete, mkono wa kushoto, hakikunji tena,
kimekaa pembeni kama mgeni asiyejua kazi,
na vitatu vilivyobaki vinagawana nyuzi sita.
Hana haraka. Anaupinda waya mmoja,
anaupinda tena, sauti inapanda nusu ngazi
na kukataa kufika,
inasimama pale pale, kwenye ule ufa
ambao watu wa jazi wanauita buluzi
na mama yangu aliuita kulia huku unatwanga.

Mwanamke aliye mbele yangu amevua viatu.
Nesi mmoja, sare chini ya sweta, anasinzia,
anazinduka, anapiga makofi mahali pasipo pake.
Mjukuu wangu Zuhena alilala siku kumi na tisa
ndani ya kisanduku cha joto,
yeye na mtoto wa mtu wa Pongwe, wawili kisanduku kimoja,
mwepesi kuliko transfoma ya redio.
Balbu ikiungua, joto limekwisha.
Balbu! Nilitaka kupanda stuli niikaze mwenyewe.

Wimbo wa nne, ndipo ilipoanza.
Mmmm. Wengine wakadhani ni besi.
Kijana wa mitambo akaruka, akavuta waya huu, akachomoa ule.
Akida hakugeuka.
Alirudi nyuma hatua moja, gitaa bado linasema,
kisigino kikapiga:
kona ya chini. Kushoto.
Si kwa hasira.

Mguno ukakatika, noti ikatoka kama imeoshwa.
Ukumbi ulishangilia gitaa.
Mimi nilikuwa nimesimama, mzee mzima,
nakitazama kisigino.

Mwishoni nikapanga foleni kumpa mkono.
"Tumewahi kuonana, mzee mwenzangu?"
Kiganja chake kilikuwa na joto, kimelowa jasho.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapiga pasi tangu asubuhi.
Nikasema, "Hapana. Nakusikia redioni."

Sanduku la michango lilikuwa karibu na mlango.
Nikatumbukiza noti, kisha, kwa kuwa hesabu ni hesabu,
sarafu ya mia mbili,
na ya hamsini kwa zile arobaini.
Kumi imezidi.
Hiyo nawadai watoto.
Hata Jumamosi.