Herufi Tisa

Barabara ya Kumi na Nane, Ngamiani,
kibanda changu kina mabati manne na vumbi jeupe.
Nachonga majina ya wafu.
Herufi moja shilingi mia tano, nukta sitozi.

Yerlan alikuja akifuata mlio wa tindo.
Mchomelea mabomba kule Chongoleani,
Kiswahili chake cha miezi saba, kimechubuka magoti.
"Wewe," akaniambia, "kazi ya babu zangu."
Akapindua ndoo ya saruji, akaikalia, akatoa simu.

Jiwe limesimama peke yake nyikani,
refu kuliko mtu, nyuma yake nyasi na mbingu,
hakuna mti, hakuna ukuta.
Herufi zimeteremka kama mvua, kali, zimenyooka,
nikazitambua papo hapo: hizi ni za mtu anayechonga.
Kalamu hupenda mviringo. Tindo haina subira nao.

Nikauliza, nyumba zao ziko wapi?
Akacheka. Zilikunjwa, zikapakiwa ngamia.
Nikamwambia hata hapa ni Ngamiani,
ila ngamia waliondoka, tukabaki na jina.
Kila chao kilihama: jiko, mlango, kitanda cha mtoto.
Jiwe peke yake liliambiwa, wewe baki.

Lipo la mfalme, akasema,
anawapa watu wake hesabu ya njaa alizozimaliza
kisha anawagombeza kwa kupenda hariri ya jirani.
Yapo yasiyo na neno, yamepangwa mstari,
kila moja ni adui aliyeuawa,
analinda kaburi la aliyemuua, bila mshahara.
Na ipo chapa ya farasi, imepigwa jiweni kama pajani,
ili hata asiyesoma ajue marehemu ni wa zizi gani.

Lakini mawe madogo, ya watu wadogo,
ndiyo yaliyoniachia nyundo hewani.
Humo maiti anasema mwenyewe.
Anamtaja mke, anataja wana, farasi, jua,
na baada ya kila mmoja neno lile lile:
sikushiba.

Miaka ishirini na sita nachonga.
Sijawahi kumpa maiti nafasi ya kusema "mimi".

Jumanne akaja Mwanamvua,
mjane wa Shekue aliyekuwa mpima katani Kigombe.
Fedha kaifunga kwenye pindo la kanga.
Jina, akasema, jina la baba, mwaka. Basi.
Nikawa natafuta penseli, na sijui kwa nini
nikamsimulia mawe ya Yerlan.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Wapanda farasi? Watu wa vita? Waliandika hivyo?"
Waliandika.
"Sisi tulishibana," akasema, "mtaa mzima unajua.
Ila yeye hakushiba. Kaacha chai nusu kikombe."
Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja,
akaazima vya mwingine.
Hakushiba: herufi tisa. Elfu nne na mia tano.
Akafungua fundo la pili.

Nilimwonya, kuna watakaosema kaburi halilalamiki.
"Waseme. Wao hawakumpikia."

Pale Tongoni nguzo za makaburi ya kale zina vishimo,
bakuli za kutoka mbali zilipachikwa humo, zikang'olewa.
Nimepita mara nyingi nikiona wizi tu.
Alhamisi nilipita nikaona vinywa.

K imenipotea kidogo, mguu wake mmoja mrefu.
Yerlan alipokuja nikamsomea, kidole juu ya jiwe,
naye akarudia kwa lugha yake, polepole,
mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu.
Kisha akaokota msumari,
na kwenye saruji mbichi ya kizingiti changu
akachora mistari mitatu: chapa ya ukoo wake.

Imeshakauka.
Mteja wa leo ameniuliza kama ni unyayo wa kuku.