Kipanya cha Tsiala

Alinipigia kwa simu ya mezani, saa nne asubuhi,
theluji bado imelala juu ya mabehewa ya Khashuri.
"Vazha," akasema, "mshale wangu umezeeka.
Nausukuma leo, unafika kesho."

Ofisi ya vifurushi: jiko la kuni, mizani ya chuma,
kompyuta yenye rangi ya meno ya mvuta sigara,
na kipanya chenye mkia hasa, waya uliofungwa plasta ya kidonda,
kitufe cha kushoto kimelika hadi kimekuwa bonde.
Nikakisogeza. Mshale ukaamka, ukajinyoosha,
ukaenda hatua mbili, ukatua
kama mtu anayepanda ngazi na gunia la viazi.

Nikaanza na yale ya darasani.
Nikafungua mipangilio, nikavuta kasi hadi mwisho:
mshale ukaruka, ukaganda, ukaruka. Chura.
Nikairudisha.
Nikachomoa waya, nikapuliza tundu, nikachomeka.
Nikafunga programu zote, nazo zilikuwa mbili,
daftari la vifurushi na mchezo wa karata.
Nikazima, nikawasha, tukasubiri, tukanywa chai,
Tsiala akaniuliza habari za mke tuliyeachana.
Nikatandika gazeti chini ya kipanya,
kisha jalada la ratiba ya treni za Batumi.
Wapi!

"Kigeuze," akasema,
si kama fundi,
kama mtu anavyosema juu ya mtoto aliaye usiku.

Nikakilaza chali. Tumboni, kifuniko cha duara.
Nikakizungusha kwa ukucha, mpira ukaniangukia kiganjani,
wa kijivu, mzito kuliko nilivyodhani,
una baridi ya jiwe la mtoni.
Na ndani, vijiti viwili vyembamba vya kuzunguka
vimevaa mikanda meusi ya taka iliyoshindiliwa.
Akachomoa pini nyweleni, akanipa.
Nikakwangua. Ikabanduka vipande vipande,
kama gamba la kidonda kilichopona.

Manyoya ya sweta ya kijani.
"Ya Otari huyo. Alikaa kiti hiki kabla yangu."
Chembe ya mkate. Uzi wa gunia.
Unywele mweupe, ambao hakuusemea kitu.
Miaka kumi na tisa
imejisokota kwenye kijiti chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Nikauosha mpira kwa sabuni, nikaukausha kwa shati,
nikaurudisha nyumbani kwake.

Mshale ukatoka kama umetekenywa!
Tsiala akaulenga mji wa Zestaponi,
akaupita, akarudi, akaupita tena,
akafungua karata bila kutaka.
Mkono wake ulishazoea kusukuma mzigo,
na mzigo haupo.
"Sasa unanikimbia," akasema, akakunja uso.

Basi nikarudi kule kule kwenye mipangilio.
Nikapunguza nukta moja. "Bado."
Nyingine. "Bado."
Ya tatu. "Hapo. Acha hapo hapo."

Ukawa mwendo ule ule, karibu,
nilioukuta asubuhi,
ila haukwami.

Akanilipa lari tano na chupa ya asali.
Mlangoni nikageuka nifunge kofia,
nikamwona ameikusanya ile taka kutoka gazetini
na kuimimina juu ya mizani ya vifurushi.
Ameinama. Ameshusha miwani. Anangoja.
Mshale wa mizani haukusogea.