Taa ya Ndani

Tangu Rawlins upepo ulilisukuma tela ubavuni.
Kila lori lililotupita
lilipenyeza mwanga katika mianya ya bati,
mistari ikamkimbilia yule farasi jike usoni
kama fimbo zisizotua.
Akapiga teke. Tela zima likaitika.

Verlene akaegesha kando,
akashuka na koti la marehemu mumewe,
akabonyeza swichi kwa kidole chenye plasta.
"Giza analijua," akasema. "Huu mwanga wa kupita
ndio hauzoei."

Malori yakaendelea kuja.
Mimi, ambaye mpaka leo silali bila redio,
nikabaki na kioo cha pembeni hadi Laramie:
dirisha dogo la manjano likitufuata,
na ndani yake sikio moja,
limelegea.