Moto Mdogo

Arizona, mwisho wa Machi. Walimwita juu
kahawa yake ingali inafuka.
Mashine yangu haijamaliza kusuuza, Vasko keshashuka:
si wetu tena.

"Hesabu," akasema, akichekea puani.
Si bega, si kasi ya mpira. Hesabu.
Milioni kumi na moja zimepigwa mstari
kama deni la sukari kwenye daftari la duka.

Miaka tisa nimefua jasho lake.
Najua kwapa la kushoto huchanika kwanza.
Najua usiku ule wa mvua kule Cleveland,
alirusha mipira mia na kumi na minane
kisha kijiko kikamshinda kuinua;
mdakaji akamlisha supu,
nasi tukajifanya tunatafuta soksi.

Aliye juu, wanasema, mngoje chini.
Nimengoja huku chini, kwenye sabuni na mvuke:
wa juu hawashuki.
Anashuka Vasko, na glavu mbili kwenye mfuko wa plastiki.

Jezi yake inazunguka bado.
Nikamuuliza niifanyeje.
Akagusa kioo cha mashine kwa kiganja.
"Kausha kwa moto mdogo," akasema,
"kitambaa hicho hunywea."