Kamisheni

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa yetu ya mavuno:
wazazi wametoka kazini, viatu bado miguuni,
nami niko hapa Indianapolis, ghorofa ya tatu,
spika ndogo masikioni, karatasi ya maneno mbele yangu,
na penye kistari najaza jina la mtoto.

"Mama, nimeitazama video ya bintiyo. Nimesisimka."
Sijaitazama. Hatupewi muda wa kutazama.
Tunapewa orodha, simu themanini kwa siku,
na kengele ya shaba ukutani: ukiuza, unaigonga,
wenzako wanapiga makofi bila kuinua macho.

Leo ni Marlys Svoboda, wa Ogallala, Nebraska.
Nyuma yake mashine ya kufulia inazunguka,
kitu cha chuma, labda sarafu, kinagonga pipa lake.
Bintiye Corinne anacheza voliboli, mlinzi wa nyuma,
futi tano na inchi nne.
Nauliza kama karatasi inavyotaka:
"Uko tayari kuwekeza katika ndoto yake?"
Marlys ananyamaza. Mashine hainyamazi.
Kisha: "Hizo dola elfu tatu, ni kwa mara moja?"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na miguu ya kutembeza ndiyo mimi.
Lakini kizuri kilichoko Ogallala,
katika ukumbi wa viti mia mbili,
mwisho wa barabara iliyonyooka kama rula,
nani atafunga safari kwenda kukiona?
Swali hilo ndilo mkate wangu.

Nina kadi moja mezani, ya kijana wa Montana, mruka juu:
*Bila nyinyi kocha asingenijua.*
Namwamini.
Wengine mia nne hawakuandika chochote,
na kimya chao hakina pa kubandikwa.

Na mimi? Baba aliuza pikipiki yake, nyekundu,
aliyoiunda upya kwa majira matatu ya baridi,
akamlipa mtu kama mimi.
Nikapata chuo. Mieleka, mwaka mmoja, kabla ya goti.
Siku moja, tukila, kocha akasema alikuwa ameniona Des Moines,
mwezi mzima kabla ya barua ya yule mtu.
Au alisema mwezi mmoja baada?
Kulikuwa na kelele, sikurudia kuuliza.
Baba hajui. Pikipiki iko kwa jirani,
huiona kila Jumapili ikipita.

Nikaifungua video ya Corinne, kinyume cha utaratibu.
Imepigwa na mkono unaotetemeka; mtu anakohoa.
Mpira unashuka kama jiwe,
naye tayari yupo, goti chini, mikono bapa,
anaunyanyua taratibu
kama anayemrudishia mtu kofia iliyopeperuka.
Mara kumi na nne.
Hakuna anayeshangilia. Wanamshangilia anayepiga.

Plunkett, msimamizi, alikuwa msalani.
Nikashusha sauti: "Mama, chukua kalamu.
Anwani za makocha ziko wazi, haziuzwi.
Aandike mwenyewe, vyuo vidogo kwanza,
alama za darasani zitangulie.
Video iwe dakika mbili,
aanze na ule mpira wa kona, mnaujua."
Nikasikia kalamu ikikwaruza.
Halafu swali ambalo karatasi haina jibu lake:
"Na akiandika, wasipomjibu?"

Nikasema sijui.

"Basi labda nikulipe tu," akasema Marlys Svoboda,
"angalau baadaye nijue nilifanya kitu."

Kengele iko hatua nne kutoka kitini pangu.
Mlango wa msalani ukalia.
Huko Ogallala mashine ikaanza kukamua,
ikinguruma, ikitikisa sakafu nisiyoijua,
nami nikangoja imalize
ili anisikie vizuri.