Kifungo

Saa nane usiku, Bovec imelala.
Nameza uji wa shayiri nikiwa wima
kama punda anayejua mzigo uko nje.
Viazi vinne vya kuchemsha, vimegaagaa kwenye chumvi:
viwili mfuko wa kushoto, viwili wa kulia.
Vinanipasha kiuno moto hadi kilomita ya ishirini,
kisha vinakuwa chakula tu.

Miaka ishirini na tisa nimewapikia watoto wa shule.
Supu ya watu mia na arobaini naijua kwa mkono.
Bado sijui mwili mmoja, wa miaka hamsini na sita,
unataka nini kwenye kilomita elfu moja na mia nne
zisizo na kengele ya mapumziko.
Hakuna hakimu aliyenipa kifungo hiki.
Nilijiandikisha mwenyewe, nikalipa na ada.

Mlima Vršič una kona hamsini, kila moja na kibao chake.
Wengine huzihesabu wakipanda. Mimi niliacha.
Anayehesabu kona anaudai mlima,
na mlima haulipi.
Nautazama mwanga wa taa ukilambwa na tairi,
nausikiliza mnyororo. Ukilalamika, naupa mafuta.
Goti likilalamika, naliita Vojko,
jina la shemeji yangu,
aliyeanza kulalamika siku ya harusi yetu
na hajafa.

Nimejizoeza kulala dakika kumi na nane
katika kibanda cha basi, kofia ya chuma cha bei rahisi
(mwanangu anasema si chuma, ni plastiki) ikiwa kichwani,
saa ya kuchemshia mayai ikiwa kifuani.
Mara moja niliamka nimefunikwa gunia.
Dereva wa lori la maziwa alikuwa pembeni, anavuta sigara.
“Nilisubiri uhakika,” alisema,
“kama ni wa kuamshwa au wa kupigiwa simu.”

Na karibu na Trenta, kwenye ukungu wa alfajiri,
nilimwona Drago, marehemu wangu,
amekaa juu ya jiwe anafunga kamba za viatu.
Nilijua ni uchovu.
Nilimpigia kengele hata hivyo,
kwa adabu.

Kushuka upande wa pili kona zimetandikwa mawe,
na kila jiwe linapanda mkononi kudai haki yake.
Jumatatu vidole viwili havikurudi kutoka mlimani:
kidole cha mwisho, na jirani yake wa pete.
Kitunguu saumu kilinishinda. Kisu kilinicheka.
Saa tisa alasiri nilisimama mlangoni mwa shule
nikishindana na koti langu mwenyewe,
kifungo kikubwa cha mbao, tundu linakwepa, linakwepa.

Tilen wa darasa la kwanza, adui wa karoti,
alinitazama kwa muda.
“Shuka,” alisema.
Nikapiga goti.
Akaanza chini, ulimi nje kama alivyofundishwa kwao,
kimoja, cha pili, cha tatu,
pumzi yake inanuka tufaha.
“Unaenda wapi?”
Mbali sana, nilimwambia, mwezi wa saba, kwa baiskeli.
“Na nani?”
Peke yangu.
Akafika kifungo cha juu, akasita.
“Sasa koti atakufunga nani?”

Usiku ule nilizungushia usukani utepe mara mbili.
Niliinua usukani kidogo, nikarudisha kiti nyuma.
Niling’oa vifungo, nikashona zipu
yenye kamba ndefu ya kuvutwa kwa meno.
Kile cha juu nilikiacha.

Zimebaki wiki saba. Vidole vimerudi, karibu vyote.
Kupanda najua, kula najua, kulala najua kiasi.
Lakini kila siku saa tisa
natoka jikoni koti likiwa wazi shingoni,
natafuta mtoto yeyote mlangoni,
napiga goti, naomba.
Hilo nalo ni zoezi,
na ndilo linalonitoa jasho.