Mhuri wa Mti

Mzee Kowalchuk ameamka saa kumi alfajiri,
anaulizia Dodoma.
Nje theluji imezika magari ya mtaa mzima,
Scarborough imekuwa karatasi
ambayo hakuna aliyeianza.

"Miti imekua?"
Jana aliniita kwa jina la marehemu mkewe,
juzi hakujua kijiko ni cha nini,
ila Dodoma anaikumbuka kilima kwa kilima:
Mlimwa, Mlima Simba,
upepo unatoka mashariki,
kwa hiyo viwanda vikae magharibi.

Namvalisha soksi.
Imekua, mzee, namwambia.
Mengine nayameza na chai.

Maana mimi ni wa huko,
mtoto wa Mama Mbeleje, muuza mlenda mkavu wa Chang'ombe.
Bibi alinipa asili ya jina:
tembo alikuja kunywa, akazama,
watu wakasema idodomya,
kimedidimia.
Mjerumani akapitisha reli juu ya hadithi,
matamshi yakamshinda, akaandika alivyoweza.
Baadaye chama kikakaa, kikaamua
makao makuu yahame pwani, yaje katikati,
kwa wenye ng'ombe na kiu yao.
Na ramani ikaja kuchorwa huku, Toronto,
na vijana wa tai pana
waliolijua vumbi letu kwa wiki tatu.

Kabatini, nyuma ya viatu vya barafu,
ipo karatasi ndefu kama kanga mbili.
Leo ameniomba niikunjue kitandani.
Tumeikandamiza kwa sahani, mkebe wa dawa
na kiatu changu kimoja.

Lo! Mji wa watu wa miguu.
Basi lina njia yake peke yake,
shule haizidi mwendo wa dakika kumi,
bustani zimeshikana mikono,
na kila mahali vimiti vya kijani, duara duara.
"Mimi nilikuwa wa mhuri," anasema,
anajivuna kama aliyezaa.
"Mdogo kuliko wote ofisini.
Mji walichora wao. Miti nikagonga mimi.
Elfu nne. Kidole gumba kilibaki kijani mpaka Krismasi."

Natafuta kwetu.
Naanzia stesheni, navuka reli,
napita korongo lenye maji ya siku mbili kwa mwaka,
hapo.
Pale penye nyumba ya mama,
vyumba viwili, tope na bati,
pana mti.

Nilikuwa na miaka tisa walipokuja na rangi nyekundu.
Wakapiga X ukutani.
Mama akadhani ni mambo ya chanjo,
akawapa maji ya kunywa.
Wiki ya pili likaja tingatinga.
Eneo la wazi, walisema.
Wazi kwa nani, hatukuuliza.
Kila mvua zikianza mama alirudi kuchungulia
kama kuna aliyepanda kitu.
Mbigili, na mbuzi wa watu.

"Huo," anasema mzee, ameona kidole changu kimekwama,
"nadhani mhuri ulinidondoka tu."
Anacheka, meno ya bandia yanacheza.
Sijui anakumbuka au anatunga.
Kwa maradhi yake, vyote vinaingilia mlango mmoja.

Mdogo wangu Ndahani alipiga simu ya video toka Mtumba,
akanitembeza wizara kwa wizara:
vioo, lami ingali inanuka,
akasifu treni ya umeme iliyomtoa Dar asubuhi hiyohiyo.
Foleni ya magari pia alinionyesha,
kwa fahari.

"Miti imekua?"

Mmoja, namwambia.
Mwarobaini, uani kwa mama, Nkuhungu.
Aliupanda mwenyewe, bila ramani.

Ananyamaza. Anachovya kidole gumba kwenye uji.
"Nkuhungu iko wapi?"
Namwonyesha: huku, nje kidogo ya karatasi,
juu ya shuka.
Analenga kwa muda mrefu, mkono unatetemeka,
anagonga.

Shuka nitaifua kesho.
Au keshokutwa.